Maua hukatwa wakati wa mvua, au hayakatwi?

Mvua za kwanza zikishagonga mabati ya Dodoma, mtaani kwetu huzuka ubishi uleule wa kila mwaka. Vumbi limelala, harufu ya udongo imepanda, na bogenvilia iliyokuwa imebaki miiba juu ya ukuta imeanza kuchipua. Jirani wa mkono wa kushoto, mtoto wa mkulima wa zabibu wa Hombolo, anatoka na panga. Jirani wa mkono wa kulia, aliyekuja kutoka Bukoba wakati wizara zilipohamia huku, anamwita juu ya ukuta: "Mzee mwenzangu, maua hayakatwi wakati wa mvua, yataoza." Wa Hombolo anacheka. "Yasipokatwa wakati wa mvua yakatwe lini, Agosti?"

Katikati yao amesimama kijana mwenye mkasi, ambaye ndiye atakayekata, akisubiri wazee wakubaliane. Hawajawahi kukubaliana. Mwishowe hukata anavyojua mwenyewe: anazunguka kila kichaka kwa nje mpaka kifanane na boksi, anapokea hela yake, anasogea nyumba ya pili.

Mimi nakaa katikati ya kuta hizo mbili, na nimeshaua mti mmoja mzima kwa kutokujua (nitafika kwenye huo mti). Nimekuja kuelewa kwamba wazee wote wawili wako sahihi, ila wanatumia neno moja kwa vitu viwili. Mvua ni maji yanayoanguka sasa hivi, na mvua pia ni msimu mzima, kama tunavyosema "tutaonana mvua zikiisha". Wa Bukoba anakataza kukata majani yakiwa yamelowa. Wa Hombolo anasema ukate katika miezi ambayo ardhi ina maji. Hayo hayagongani hata kidogo. Kinachobaki ni kuelewa mkasi unafanya nini ndani ya mmea, na kwa nini kalenda ya kukata ya mji mmoja inaweza kuharibu bustani ya mji mwingine.

Maneno machache kwanza

Ninaposema kichaka hapa nina maana ya mmea wa shina gumu unaotoa matawi tangu chini, bila nguzo moja ya katikati: haibiskasi, bogenvilia, waridi, duranta, michongoma ya uzio. Watu wengi huviita vyote "maua", hata kile ambacho hakijawahi kuchanua, nami sitabishana nao.

Kunyoa ni kupitisha mkasi mrefu juu ya uso wa kichaka, kama kinyozi anavyopitisha mashine, bila kujali umeangukia tawi gani. Kupogolea ni kuchagua. Tawi hili linatoka lote, lile linaachwa, hili linafupishwa mpaka hapa. Kuna bustani nyingi hapa mjini ambazo hunyolewa kila baada ya wiki mbili na hazijapogolewa hata siku moja tangu zipandwe.

Neno la tatu ni jicho. Waliowahi kupanda muhogo wanalijua: ni kile kidoa kwenye kifundo, pale jani linapoungana na tawi, ambapo chipukizi limelala likisubiri zamu yake. Kila ukikata, kuna jicho unaliamsha, upende usipende.

Fundi wa kwanza ni mbuzi

Toka nje kidogo ya mji, njia yoyote, uangalie vichaka vilivyo kwenye mapito ya mbuzi. Vimebana, vimejaa, vina umbo la duara kana kwamba kuna mtu huvifinyanga kila asubuhi. Kichaka cha aina hiyohiyo kilicho ndani ya uzio, mahali mbuzi hawafiki, kimerefuka na kulegea. Mbuzi hakusomea bustani. Anakula ncha kwa sababu ncha ndiyo laini.

Ncha ya tawi ni kama mwenyekiti asiyempa mtu mwingine nafasi ya kusema. Inatengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka ndani ya tawi na kuyafanya macho ya chini yaendelee kulala. Miaka ya 1930 watafiti wawili, Kenneth Thimann na Folke Skoog, walikata ncha za mimea ya jamii ya maharage, kisha wakapaka oksini mahali pa mkato. Macho ya pembeni yakabaki yamelala, kana kwamba ncha bado ipo. Kwenye mimea iliyokatwa bila kupakwa kitu, macho yaliamka. Mbuzi wa Ugogo amekuwa akirudia nusu ya jaribio hilo kwa karne nyingi bila mtu kumwandika.

Kwa hiyo mkasi haupunguzi mmea kwa maana ile tunayofikiria. Kata ncha moja, na macho mawili au matatu yaliyo karibu na mkato yatachukua nafasi yake. Ukitaka kichaka kinenepe, jambo hilo ni zuri. Ukinyoa nje tu, kila mara, kwa miaka, unapata kitu kingine. Chukua kichaka kilichonyolewa namna hiyo, ukitenganishe kwa mikono miwili, uchungulie ndani. Nje kuna ganda la majani lenye unene wa kiganja. Ndani ni giza, vijiti vikavu, utando wa buibui na mifuko ya plastiki iliyopeperushwa na upepo. Mwanga haufiki, hewa haipiti, na maji yakiingia hayakauki.

Hapo ndipo hofu ya jirani wa Bukoba inapokuwa na mashiko.

Kwa nini mji mmoja huogopa maji na mwingine huyasubiri

Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Dodoma hupata kati ya 500 na 600, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Tofauti nyingine ni mpangilio. Pwani, Kilimanjaro na kandokando ya Ziwa Victoria wana vuli na masika. Sisi wa kanda ya kati tuna mvua za msimu, mara moja tu, halafu kiangazi kirefu. Ushauri wa bustani unaosema "pogolea baina ya vuli na masika" umeandikiwa mtu mwingine. Ukiufuata Dodoma utakuwa unatafuta pengo lisilokuwepo.

Magonjwa mengi ya majani na matawi hutokana na fangasi. Mbegu zao ni ndogo kuliko vumbi, zinasafiri kwa upepo na kwa matone ya mvua yanayoruka kutoka jani moja hadi jingine. Ili mbegu hizo ziote, mara nyingi zinahitaji jani au jeraha lililobaki na majimaji kwa saa kadhaa. Bukoba saa hizo hupatikana karibu kila siku. Mkato mbichi uliolowa ni mlango ulioachwa wazi usiku. Ndiyo maana mtu aliyelelewa kule, akiona mkasi na mawingu kwa pamoja, moyo humdunda. Kwake kazi kubwa ya kupogolea ni kufungua kichaka ndani ili kikauke haraka mvua ikipita.

Dodoma mvua huja kwa kishindo, mara nyingi mchana au jioni, inapiga saa moja au mbili, na kesho yake jua linawaka kama halijawahi kuondoka. Majani yaliyo nje hukauka upesi. Adui mkubwa wa kichaka hapa ni ile miezi saba ya ukavu. Na hapo jirani wa Hombolo anaingia.

Jani ni jiko. Ndani yake mmea hupika sukari kwa kutumia jua na maji, unakula kidogo, unaweka akiba kwenye shina na mizizi. Ukikata matawi umevunja majiko kadhaa, na machipukizi mapya yatakayoamka yatajengwa kwa akiba. Kila mkato ni mkopo, na anayelipa mkopo huo ni maji ya ardhini. Mfanyakazi anayekopa wiki moja kabla ya mshahara hana wasiwasi sana. Anayekopa wiki moja baada ya mshahara kuisha ana miezi ya kujieleza. Kukata kichaka kwa nguvu mwezi Juni Dodoma ni mkopo wa namna ya pili. Kitachipua, kwa sababu macho yameamshwa, halafu machipukizi laini yatakutana na upepo mkavu wa Agosti na jua la Oktoba bila senti mfukoni. Tena gome lililokaa miaka kivulini likianikwa ghafla huungua na kupasuka, kama ngozi ya mtu aliyeshinda shambani siku ya kwanza bila kofia.

Watu wa zabibu wanajua hesabu hii kuliko sisi wa maua. Dodoma mzabibu hupogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka: mavuno ya Agosti na Septemba, na yale ya Februari na Machi. Yale ya kiangazi hutegemea mkulima awe na maji, na yale ya wakati wa mvua humtesa kwa ukungu. Mkulima wa zabibu kwa hiyo anaishi na hofu zote mbili kwa wakati mmoja, ya Bukoba na ya Hombolo. Bado anakata. Anachagua siku.

Kuchagua siku

Kosa la kawaida hapa ni kukimbilia mkasi baada ya mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza Dodoma ni tapeli. Inaweza kunyesha Novemba ukadhani msimu umefika, kisha ikakata wiki tatu, na mtu aliyepanda mtama siku ile ananunua mbegu upya. Kichaka kilichokatwa sana siku ile kinapata shida ileile. Mimi husubiri mvua mbili au tatu za maana, kisha nachimba kidogo kwa jembe karibu na mmea. Unyevu ukiwa umeshuka kina cha kutoka ncha za vidole mpaka kiwiko, nakata. Mara nyingi inakuwa Desemba ya kati au mwishoni. Mwenye kisima au maji ya uhakika anaweza kutangulia, hiyo ni bahati yake.

Siku yenyewe iwe kavu. Subiri umande uondoke, shika jani, likiwa na maji rudi ndani unywe chai. Ukitoka kukata asubuhi kavu, mkato unapata saa kadhaa za jua kabla ya mvua ya jioni, na tofauti yake ni kubwa. Katikati ya msimu, hasa kati ya Januari na Februari, mvua yetu ina tabia ya kukatika siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili. Wakulima huwa na huzuni siku hizo. Kwa kazi ndogondogo za kupunguza ndani na kurekebisha umbo ni siku nzuri kuliko zote, maana juu kumekauka na chini bado kuna maji.

Kisha kuna siku ya kuacha. Ifikapo mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, weka mkasi chini. Machipukizi yanahitaji wiki kadhaa za kukomaa na kuwa magumu kabla ya kiangazi. Kuanzia hapo hadi Desemba hutoa tu kilichokufa, kilichovunjika, kinachougua, na kile kinachomchoma mgeni jicho getini. Hivyo vinne hukatwa mwezi wowote.

Mkono na mkasi

Panga ni zuri kwa kazi nyingi, na hii haimo. Panga hupasua tawi kwa urefu, na ufa ule hubeba maji. Mkasi mdogo wa mkono, uliotiwa makali, hukata tawi la unene wa kidole gumba bila kulisaga. Tawi nene kuliko hapo linataka msumeno. Ukitoka kwenye mmea mgonjwa kwenda mzima, futa makali kwa kitambaa chenye spiriti. Watu hunitazama kama daktari nikifanya hivyo, lakini ugonjwa husafiri kwenye chuma.

Unapofupisha tawi, tafuta jicho linalotazama nje ya kichaka, ukate juu yake kidogo, nusu sentimita hivi, kwa mshazari, ili maji yateremke upande usio na jicho. Tawi jipya litafuata upande ambao jicho linatazama. Ukikata juu ya jicho linalotazama ndani, umeagiza tawi lingine liende gizani.

Unapotoa tawi lote, angalia pale linapoungana na shina. Kuna uvimbe kidogo, kama ukosi wa shati. Kata nje ya ukosi huo. Ukikwangua mpaka shina liwe laini umeondoa sehemu ambayo ingefunga jeraha. Ukiacha kisiki kirefu, kitakauka na kuozea ndani. Tawi zito likatie kwanza chini, mbele kidogo, kisha juu, lidondoke bila kuvuta gome la shina, ndipo umalizie karibu na ukosi.

Kipimo cha ndani ni hiki: ukimaliza, simama saa sita mchana uangalie chini ya kichaka. Vidoa vya mwanga vidogovidogo vikicheza ardhini, umepatia. Kivuli kizito bila tundu, bado. Jua lote chini, umezidisha. Na kwa mara moja usitoe zaidi ya theluthi ya kichaka. Kikongwe kilichojaa mashina mazee hufufuliwa kwa misimu mitatu, kila msimu ukitoa theluthi ya mashina ya zamani kabisa karibu na ardhi.

Ua lenye gauni

Ua la uzio, la michongoma au duranta, linalokonda chini na kubaki miguu mitupu ni lalamiko la kila mtu, na kila mtu humlaumu mchwa, mbolea au mbegu. Tazama umbo lake. Mara nyingi juu ni pana kuliko chini, kwa sababu mkono wa mkataji hufika juu kwa raha na huchoka ukiinama. Lile pana la juu ni mwavuli unaozuia mwanga kwa majani ya chini, na jani lisilopata mwanga haliwezi kujilisha, mmea huliangusha. Ua linatakiwa livae gauni: jembamba begani, pana pindoni. Tofauti ya kiganja kimoja kila upande inatosha. Anza ua likiwa dogo, samaki mkunje angali mbichi. Michongoma ya miaka kumi iliyokwisha kuvua viatu hurudi kwa shida.

Tahadhari kwa wenye minyaa, maana vijiji vingi vya huku bado huzungushia maboma kwa mmea huo. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa. Vaa miwani, usikate upepo ukikujia usoni, na watoto wakae mbali.

Bogenvilia isiyochanua

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Mtu amepanda bogenvilia ya zambarau, inanyweshwa kila siku, inanyolewa kila wiki mbili, iko kijani kama bango la tangazo la mbolea, na haina ua hata moja. Jirani yake ambaye hana muda na bustani, ukuta wake unawaka.

Lile tunaloita ua la bogenvilia ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe katikati, kama kijiti cha kiberiti. Majani hayo ya rangi hutokea kwenye matawi mapya, hasa kuelekea nchani. Anayenyoa kila wiki mbili anakata kila ncha kabla haijafikia umri wa kuchanua. Ni kama kumtoa mtoto shule kila ifikapo darasa la sita ukashangaa hana cheti cha la saba. Halafu bogenvilia huchanua vizuri zaidi inapoonja kiu kidogo. Kwa hiyo Dodoma imeipata hali inayoipenda: ipogolewe mvua zikishakolea, ikue msimu mzima, iachwe Aprili, ipunguziwe maji, na kuanzia Mei uone.

Haibiskasi nayo huchanua kwenye matawi mapya, ila yenyewe haipendi kiu. Waridi hukaribia hapo. Lenyewe ukilikata ua lililonyauka pamoja na jani moja au mawili, linatoa jingine.

Mti niliouua

Nilikuwa na mti wa Krismasi getini, wa jamii ya saiprasi. Ulikuwa umenenepa ukaziba njia ya gari. Nikasema mimea yote ni ileile, kata itachipua, nikaukata upande mmoja mpaka kwenye matawi ya kahawia yasiyo na majani. Ilikuwa Januari, mvua nzuri, ardhi imeshiba. Nilisubiri mwaka. Upande ule ulibaki kama mgongo wa mbuzi mwenye upele, na mwaka wa pili niliung'oa.

Saiprasi na jamaa zake wengi hawana macho yaliyolala kwenye matawi ya zamani. Ukipita sehemu ya kijani, hakuna wa kumwamsha. Mimea hiyo hunyolewa kidogokidogo tangu utotoni, ndani ya kijani tu. Kabla ya kukata mmea wowote kwa nguvu, tafuta tawi moja la zamani lililowahi kuvunjika lenyewe, uone kama limechipua chini ya mvunjiko. Mmea wenyewe utakuwa umeshakujibu.

Yanayosemwa barazani

Kwamba jeraha lipakwe rangi, oili chafu au majivu. Mmarekani Alex Shigo, aliyefanya kazi katika idara ya misitu ya nchi yake, alichana maelfu ya miti kwa msumeno ili kuona kilichotokea ndani baada ya kukatwa. Alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi yetu. Unajenga kuta kuzunguka sehemu iliyojeruhiwa, kisha unaifukia kwa mbao mpya. Rangi haisaidii ujenzi huo, na inaweza kufungia unyevu ndani. Acha mkato safi, utazame jua.

Kwamba kukata kilele cha mti kunaupa nguvu. Kunaupa machipukizi mengi, marefu, yaliyoshikilia gome la nje tu, na upepo wa Dodoma hupenda sana kuyabwaga juu ya mabati. Ikiwa mti umefika kwenye nyaya za umeme usiuguse kabisa, piga simu kwa wenye nyaya.

Kwamba kukata maua yote kunamaliza mbu. Mbu huzaliana kwenye maji: ndoo, tairi, shimo la fundi lililosahauliwa. Kichakani hupumzika tu. Nimeona ua zuri la miaka minane likikatwa mpaka chini kwa ajili ya malaria, na pipa lisilo na mfuniko limesimama hatua tano kutoka hapo.

Kwamba kichaka huleta nyoka, hapo nitakuwa mpole kidogo, kwa sababu hofu hiyo ina msingi. Nyoka hufuata panya na vyura, naye hupenda mahali penye takataka na giza. Inua matawi ya chini kidogo karibu na mlango, toa majani makavu yaliyorundikana, na ua la mbali ulivalishe gauni lake.

Na mwezi mpevu? Bibi yangu hakukata kitu mwezi ukiwa mkubwa. Sijaona tofauti bustanini kwangu, lakini nikiwa na hiari ya siku mbili huchagua ile ambayo bibi asingeniuliza.

Baada ya mkasi

Kichaka kilichokatwa kinahitaji maji yake ya mvua yasikimbilie barabarani. Chimba kisahani kukizunguka, weka ndoo ndogo ya samadi iliyooza, na utandaze matawi laini uliyoyakata vipandevipande juu ya udongo. Acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina, maana Dodoma mchwa hahitaji mwaliko wa pili. Matawi yenye ugonjwa yachomwe mbali, na ya miiba yasibaki njiani.

Mengine usiyatupe. Chagua tawi la bogenvilia au haibiskasi lenye unene wa penseli, likate liwe na macho manne, uchomeke mawili chini na mawili juu, kwa kuinamisha, kivulini, Desemba au Januari. Mvua itafanya kazi iliyobaki. Mwaka jana nilichomeka ishirini nyuma ya jiko, zikashika kumi na tatu. Sita zimepanda ukuta wa jirani wa Hombolo, na nne alizibeba wa Bukoba, akaniuliza atazikata lini.